Matanga ya Chausiku wa Radi

Ukitaka kuyasoma magazeti ya hadithi za picha ya Vijana wa Radi, usianze na lile la samli. Nakuambia mapema kwa sababu lile la samli lilituponza. Lilifanya kijiji kizima kipike maharage ya msiba, na afisa wa wilaya akarudi kwao na shati tupu. Anza na la dagaa. Humo ndimo radi inapopiga mkorosho na kuwakuta vijana watatu wamejikinga mvua chini yake. Kulipokucha, Chausiku anaukamata umeme kwa mikono kama unavyomkamata kuku, Kobe mgongo wake hauingii risasi, na Pilipili, yule mfupi mwenye kiburi, akipiga chafya nyumba inashika moto. Ukishawajua hao watatu hupotei tena.

Majina ya dagaa na samli tuliyapa sisi. Magazeti yenyewe yalitufikia hayana jalada wala namba. Yalitoka kwa Kidawa, muuza dagaa wa Maili Moja, ambaye alikuwa akinunua karatasi za kufungia kutoka Dar es Salaam. Mwaka ule wa sabini na sita sukari ilikuwa haipatikani, sabuni haipatikani, lakini karatasi zilizokwisha kusomwa na watu wa mjini zilikuwa tele. Ndiyo maendeleo tuliyoletewa. Mimi nilikuwa napeleka mkaa Maili Moja, narudi na dagaa, na dagaa wenyewe wamefungwa ndani ya ngumi ya Kobe.

Mimi ni mtu wa Pangani, hii Pangani yetu ya Kibaha. Nilikuwa na mikorosho yangu huko. Wakaja wakubwa na lori, wakasema hameni, mkaishi pamoja, mtaletewa maji na zahanati. Wakatushusha hapa Mwanzo Mgumu, upande wa kuelekea Kisarawe. Jina la kijiji walilitoa wao wenyewe, kwa hiyo walikuwa wanajua. Zahanati ilikuja kweli. Ilikuja na mlango, na bango, na benchi lililopakwa rangi vizuri sana. Dawa hazikuja, na mke wangu Ursula akafia kwenye benchi hilo. Sina la kuongeza hapo.

Baada ya kumzika, uani kwangu hapakuja mtu tena. Watu walipita njiani wakasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Mzee Hilario," nami nikajibu, "Milele, amina," kwa sauti isiyomkaribisha mtu.

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima. Walituletea kitabu cha kulima pamba. Hapa kwetu tunalima muhogo. Nikamwuliza mwalimu hiyo pamba tutaipanda wapi, akasema kitabu kimeshaletwa. Basi tukasoma pamba, tukasoma pamba, mpaka watu wakakimbia, tukabaki mimi na Bibi Mwanamkuu, ambaye alikuwa anakuja kwa sababu darasani palikuwa na kivuli.

Huyo Bibi Mwanamkuu ndiye aliyenifuma. Alikuja kuomba kijinga cha moto jioni moja, akanikuta nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, gazeti la dagaa mapajani, nacheka mpaka machozi. Kucheka kwangu wakati ule ilikuwa habari ya kupeleka redioni.

"Unacheka nini peke yako, Hilario? Umeoa?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeoa?"

"Nasoma."

"Pamba inachekesha tangu lini?"

Nikamwonyesha Pilipili anavyopiga chafya akaunguza suruali ya Bwana Mrija. Bwana Mrija ndiye adui wa magazeti yote. Ana tumbo, ana gari refu jeusi, na mfukoni ana mrija wa kunyonyea jasho la watu. Bibi Mwanamkuu akaliangalia lile tumbo, akaangalia upande wa ofisi ya kijiji, akaangalia tena tumbo. Kisha akakaa chini. Kijinga akakisahau.

Kesho yake akaja na jirani. Kesho kutwa wakaja wengine, na Isihaka akiwa mmoja wao. Isihaka ni Mnyamwezi aliyekuja Pwani kukata mkonge akanasa hapa, na kwa kuwa sisi Wazaramo ni watani wake, alikuwa ananitania kila alipofungua kinywa. "Mzee Hilario," akasema alipofika tu, "nimesikia Wazaramo mmejifunza kusoma. Nikasema siamini, niende nikaone nani anawashikia karatasi isigeuke."

Kila nilipotoka Maili Moja walinisubiri. Kidawa mwenyewe alikuwa ananiuliza, "Mzee, leo unataka dagaa au unataka karatasi?" Nikapata la tumbaku, la misumari, la chumvi, la sabuni. Nikayatundika kwenye kamba ya nguo, kuanzia jikoni mpaka kwenye mpapai, nikayabana kwa vijiti vya mwanzi nilivyopasua katikati. Ukitaka kusoma, unaanzia jikoni, unatembea. Ukimaliza unarudi jikoni upya, au unakaa kwenye mpapai kubishana. La chumvi nilikuwa nawaambia walisome wameshiba, maana humo Kobe anakula wali wa harusi kurasa kwa kurasa, na kwa hali yetu ile ni kujitesa bure.

Ua wangu ukajaa. Watu wakasoma huku wanatembea kama wako kwenye njia ya msalaba, ila wanacheka. Aliyejua herufi kumi akamsaidia aliyejua tano. Bibi Mwanamkuu akawa msomaji mkuu. Maneno ya Pilipili aliyasoma kwa sauti nyembamba, ya Kobe kwa sauti nzito, na ya Bwana Mrija, nasema ukweli wa Mungu, aliyasoma kwa sauti ya mwenyekiti wetu wa kijiji, Jumbe.

Jumbe akasikia. Akaja na fimbo yake akasimama mlangoni.

"Ndugu Hilario, mkutano huu una kibali cha nani?"

"Si mkutano. Ni nguo zinakauka."

"Shamba la kijiji lina magugu. Watu wakipiga jembe mara mbili wanaangalia jua, wanakimbilia kwako. Alhamisi anakuja afisa wa elimu ya watu wazima. Nitamwonyesha takataka hizi, na akishaziona nitazichoma mbele yake, kamba na yote."

 Watu wakatoka mmoja mmoja wakiangalia chini. Nilibaki nimeshika gazeti la sabuni, nawaza ua wangu utakavyorudi kuwa na kimya kile. Sikulala vizuri. Viongozi wetu dawa hawana, lakini kibiriti hawakosi kamwe.

Sasa ndipo likaja la samli. Kidawa alilizungushia kopo la samli, likaloa pembe moja, na wino ukabaki mzima. Nilifika nalo Jumatatu, watu wakawa wamejaa kuliko siku zote, maana walijua Alhamisi ni mwisho. Bibi Mwanamkuu akasoma. Bwana Mrija anabomoa bwawa ili maji yazoe kijiji. Chausiku anashika lango la chuma kwa mikono yake, watoto wanapita, ng'ombe wanapita, hata Pilipili anapita akiwa ameziba pua asije akapiga chafya. Kisha lango linakatika. Picha ya mwisho ni kitenge chake kinaelea, Kobe na Pilipili wamepiga magoti, na chini yake, ndani ya fremu nyeusi kama ya tanzia: CHAUSIKU HATUNAYE TENA.

 Bibi Mwanamkuu akalirudisha gazeti kwenye kamba taratibu, akavuta kanga yake kichwani, akaachia kilio ambacho kilitoa watu majumbani mpaka upande wa pili wa kisima.

Nikamwambia, "Bibi, huyo ni wa karatasi."

"Najua ni wa karatasi, mimi sina wazimu. Lakini mwaka huu nani mwingine amenichekesha? Wewe? Jumbe? Mtoto amekufa akiokoa watu, hana hata mtu wa kumlilia. Nitamlilia mimi. Tandikeni mikeka."

Ikatandikwa. Mmoja akaleta maharage, mwingine muhogo. Wakristo wakaanza rozari, Waislamu wakasema wao watasoma dua jioni, hakuna aliyegombana. Na nataka uelewe jambo moja: kwetu watu wakiwa msibani hawaendi shamba. Hata Jumbe hathubutu kumtoa mtu kwenye mkeka wa matanga. Sijui ni nani aliyeliwaza hilo kwanza. Lakini niliona macho yakitazamana juu ya rozari, na midomo mingine ikaumwa kwa ndani ili isicheke.

Kazi yangu ikawa kulitundika lile la samli mahali pake. Nikalipeleka mwisho kabisa, kwenye mpapai. Maana mtu akishakufa hatokei tena, kwa hiyo kila gazeti ambamo Chausiku anapumua lazima litangulie. Mtoto mdogo analijua hilo.

Isihaka akakuna kidevu. "Mtani, mbona kwenye la tumbaku na la misumari Chausiku anachechemea? Na Kobe hana jino la mbele. Humu kwenye la samli meno anayo yote."

"Mchoraji mvivu," nikasema. "Analipwa na wakubwa hao hao wanaotulipa sisi hela ya korosho. Leo anachora jino, kesho wino umepungua."

Watu wakakubali. Kuhusu wakubwa nilikuwa sipingwi.

Basi matanga yakashika moto. Mtani msibani ana ruhusa ya kufanya lolote, na Isihaka hakubakisha. Alijifunga kitenge akawa yeye ndiye Chausiku, anakamata umeme hewani, anawagusa kina mama nao wanaruka. Akalala njiani akazuia maji ya kisima yasipite, mpaka akafidiwa bakuli la maharage. Akamlilia marehemu: "Ewe Chausiku, umeniachia nani? Umeniachia Wazaramo, hata kuoga hawajui!" Kina mama wakawa wanalia na kucheka kwa pumzi moja. Mama yake Jumbe ndiye aliyekuwa anakoroga chungu. Jumbe alikuja mara moja, akafungua mdomo, mama yake akamwangalia, akaufunga.

Alhamisi asubuhi tukasikia pikipiki. Afisa alikuwa kijana, jina lake Onesmo, amevaa koti zuri la kijivu na vumbi la Kibaha mpaka kwenye nyusi. Alipoona mikeka, na wanawake wamejifunika, na chungu kinafuka, akazima pikipiki mbali, akavua kofia, akaja anatembea polepole. "Shikamooni wazee wangu. Poleni sana. Poleni sana kwa msiba."

"Tumepoa," tukaitikia.

Nikamtazama Jumbe. Jasho lilimtoka kama yumo ndani ya gazeti. Akisema ni msichana wa karatasi, ataulizwa kwa nini shamba la kijiji limelala siku tatu kwa ajili ya karatasi.  "Tumepoa, Ndugu Afisa," akasema.

Onesmo akaketi mkekani. Ilibidi aseme neno, na alikuwa amezoea kusema. "Ndugu zangu, taifa letu changa limepungukiwa. Marehemu alikuwa na umri gani?"

"Kumi na sita," Bibi Mwanamkuu akasema, na machozi yalikuwa ya kweli.

"Kumi na sita! Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Ya umeme," akasema Isihaka.

"Fundi umeme! Msichana, wa kijijini! Ndugu Mwenyekiti, hili nitaliandika." Jumbe akafumba macho. "Na kifo kilimkutaje?"

"Alizuia bwawa kwa mikono," nikasema mimi, maana hakuna mwingine aliyekuwa na uso mkavu.

"Kwa mikono?"

"Lango la chuma. Watoto wakapita, ng'ombe wakapita."

 Afisa akatazama kamba iliyokuwa nyuma yangu. Akasema polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu, "Bwawa la nani?"

"La Bwana Mrija," wakajibu watu wote.

Onesmo akasimama. Kofia ikaanguka. "Chausiku? Mnamlilia Chausiku wa Radi?" Akashika kichwa. Nikajua basi, kibiriti kinatoka sasa, na kweli Jumbe alikuwa ameshapeleka mkono mfukoni. Lakini kijana yule akapiga kelele mpaka kuku wakaruka: "Chausiku hajafa!"

Akaikimbilia kamba. Akaanzia kwenye mpapai, akarudi nyuma, akaenda mbele, kidole kinapita kwenye picha. "Anachechemea hapa kwa sababu mguu ulibanwa na lango! Na jino la Kobe liliruka pale pale alipokuwa anamvuta! La tumbaku na la misumari ni ya baadaye! Hili la samli ni la katikati! Nani ameyapanga hivi?"

Kijiji kizima kikaninyooshea kidole. Hata mama yake Jumbe, kwa mwiko.

"Nilisema!" Isihaka akarukaruka na kitenge chake. "Nilisema jino! Mzaramo akaniambia wino umepungua!"

"Alitokaje kwenye maji?" wakauliza watu, wamemzunguka afisa kama wanamchumbia.

"Alitoka hivi. Maji yalipomchukua, yakampeleka kwenye..."

"Nyamaza!" Ilikuwa Bibi Mwanamkuu. Ameinuka, kanga imemdondoka mabegani. "Nyamaza, mjukuu wangu, usinisimulie! Gazeti lake lipo?"

"Lipo, Bibi. Ninalo nyumbani Kibaha."

"Basi lilete. Nitalisoma mwenyewe. Siku tatu nimemlilia kwa macho yangu, halafu unihadithie kama mtoto wa kubebwa?"

Onesmo akamtazama. "Bibi anajua kusoma?"

 Bibi alikwenda kwenye kamba, akashika la samli, akasoma kifo chote upya, sauti ya Kobe, sauti ya Pilipili, mpaka kwenye fremu nyeusi, hakukwama popote ila kwenye neno "hatunaye", na hapo alikwama kwa kilio. Alipofika kwa Bwana Mrija, Onesmo aliisikia ile sauti, akageuka taratibu kumwangalia Jumbe, akauma mdomo.

Akatoa kitabu cha pamba kwenye mkoba. "Na hiki, Bibi?"

"Hicho sikijui," Bibi akasema. "Hakina watu."

Jumbe akaona mwanya. "Ndugu Afisa, ndiyo haya niliyotaka uyaone. Takataka tupu! Shamba limelala. Nimeshaandaa kibiriti, nasubiri neno lako tu."

 Onesmo akakiangalia kitabu, akaziangalia karatasi zinavyopepea, na watu walivyojibana kwenye kamba. "Ndugu Mwenyekiti," akasema, "nimetumwa kutazama kama watu wanasoma. Sikutumwa kutazama wanasoma nini. Asubuhi shamba la kijiji, alasiri darasa la watu wazima kwa Mzee Hilario. Kibiriti chako kapikie chai."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia hata Pasaka. Isihaka akamvamia afisa. "Wewe kijana, kwenu wapi?"

"Maneromango."

"Mzaramo! Mzaramo mwingine!" Kabla neno halijaisha, koti la kijivu lilikuwa mgongoni kwa Isihaka. "Umemfufua maiti wangu bila ruhusa yangu mtani! Maharage yameliwa, nimelia mpaka nimekauka, nani atanilipa? Koti hulipati mpaka ulete gazeti la Chausiku kutoka majini."

"Isihaka!" Jumbe akapiga fimbo chini. "Huyo ni afisa wa wilaya!"

"Mwache, Mwenyekiti," Onesmo akasema, anacheka na mikono ya shati inapepea. "Mtani ni mtani. Jumamosi nitalileta." Na akalileta, nikuambie kabisa, ila hilo lisome mwenyewe. Linakaa baada ya la samli, kabla ya la tumbaku. Usimruhusu mtu akusimulie.

Siku ile tulianza kuyapanga upya hapo hapo. Mikeka ya matanga ikawa ya kuchezea ngoma, na mama yake Jumbe akasema chungu hakijui kama aliyekufa amefufuka, kileni. Watu wote wakataka kushika. Huyu anavuta la misumari kulia, huyu la sabuni kushoto, Bibi anapiga mikono ya watu kwa kanga. Katika vurugu ile fundo la mpapai likafunguka, kamba ikalegea, Vijana wa Radi wote wakaanza kushuka kuelekea kwenye chungu.

Nilinyanyua macho kutafuta mtu mwenye mikono mitupu. Alikuwepo mmoja tu.

"Jumbe!" nikamwita, jina tupu, bila Ndugu wala Mwenyekiti. "Shika hiyo ncha. Inua juu. Juu zaidi! Usilegeze mpaka nikuambie."

Akaitupa fimbo, akashika, akainua.